Siku Nne Bila Maji

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya stendi ya Bagamoyo lilikuwa limefurika. Mafundi walikuwa wakigombania misumari, mwenye mabati akibishana na mwenye rangi kuhusu nani ametangulia, na kina mama wawili walikuwa wamekuja kulalamikia bomba lililopasuka siku ya pili tu baada ya kununuliwa. Katikati ya purukushani hiyo akaingia msichana aliyevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya chungwa, miguuni raba zilizojaa vumbi, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anachekesha.

"Samahani, naweza kupata tofali moja?"

Watu wakacheka. Muuzaji akamwelekeza kwa kidevu kijana mrefu aliyekuwa anapakia mifuko ya saruji kwenye guta pale mlangoni. Kijana huyo alikuwa amejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, na jina lake Bwanausi. Yeye na baba yake mdogo, Mzee Haji, walikuwa na kiwanda kidogo cha kufyatua matofali upande wa Magomeni, na mji mzima uliwajua.

"Tofali moja," alisema Bwanausi, akijifuta uso kwa mkono uliokuwa mchafu kuliko huo uso. "Dada, unajengea kuku au unajengea njiwa?"

"Nataka kulivunja."

"Sisi tunauza ya kujengea. Ya kuvunja nenda kwa majirani."

"Kwa majirani nimeshachukua. Limebaki la kwenu."

"La kwetu halivunjiki."

"Kila kitu kinavunjika, kaka yangu," alisema yule msichana akitabasamu. "Kazi yangu ni kujua kinavunjikia kwenye mzigo gani."

Bwanausi alimtazama vizuri sasa. Alikuwa na macho makubwa na mwanya mdogo, na hakuonekana kuwa anatania. Mifuko ya saruji ikabaki chini, mwenye guta akaanza kupiga kengele kwa hasira, na kijana wa watu yuko pale pale.

Sabiha binti Shuaibu alikuwa mtoto wa mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, na alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Utafiti wake ulihusu majani ya mananasi, yale ambayo baba yake na majirani zake wameyachoma moto miaka yote. Alikuwa akitoa nyuzi ndani yake, akizichanganya na saruji, akitafuta kama tofali linaweza kupata nguvu zaidi bila gharama kupanda. Nusu nyingine ya kazi yake ilikuwa kuyapeleka hayo kwa watu. Alikuwa na jeki kuukuu ya lori iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, pamoja na geji yenye mshale wa kuonyesha uzito, na siku tatu kila wiki alizunguka nayo kwenye shule za wilaya. Watoto walikisia, yeye akaminya, tofali likatoa jibu lake. Aliwafundisha jambo moja kuliko yote: usitaje sababu kabla hujapima. Mwenyewe alikuwa na mwiko wake wa ziada, kwamba havunji mbele za watu kitu ambacho hajavunja mfano wake maabara.

Tofali la Bwanausi lilibeba mzigo mkubwa kuliko yote ya mji. Aliyelipeleka kwenye jeki ya Sabiha ni yeye mwenyewe, kesho yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na amejipulizia manukato ya kutosha msikiti mzima. Alisimama akalitazama likivunjika, akauliza geji imesoma ngapi, na aliposikia akacheka kama mtu aliyefaulu mtihani. Wiki iliyofuata alileta jingine ambalo hakuna aliyemwomba. Ya tatu akaleta tende.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, kwa kuwa siku nne za wiki Sabiha alikuwa Dar. Alikuwa akimpigia mchana wakati wa mapumziko, na kwa sababu mikono ya Bwanausi wakati huo huwa imejaa udongo wa saruji, simu ilikaa juu ya ubao, sauti nje, kiwanda kizima kikisikia. Sabiha alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kabla ya yote alianza kwa kumsalimu mzee.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yupo, ila ana mikono miwili tu na yote iko kazini. Semeni yenu, mimi sisikii."

Alikuwa anasikia, tena kila neno. Akisikia "mpenzi" anakohoa, akisikia "nimekukumbuka" anapandisha sauti ya mashine. Mzee Haji ndiye aliyemlea Bwanausi tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyekuwa akipima saruji kwa mkono wake, ndoo kwa ndoo, kwa sababu kazi hiyo hakuwahi kumwachia mtu. Mfuko mmoja, matofali thelathini na tano, hata mteja alie vipi.

Katikati ya Januari wakaenda Kiwangwa kuposa. Mshenga alikuwa Mzee Haji mwenyewe, na Dadi, binamu yake Bwanausi, mtu wa tatu na wa mwisho pale kiwandani, naye akaingia kwenye msafara. Jumatano walikuwa wamefyatua matofali mia nne ya darasa jipya la sekondari moja ya mjini, kazi ambayo Sabiha mwenyewe aliipendekezea shule. Tofali bichi linataka maji kila siku kwa wiki nzima, asubuhi na jioni, la sivyo linakauka juu juu na ndani halishiki. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri waliyamwagilia, wakayafunika kwa magunia yaliyolowana, wakaondoka wakijua Ijumaa jioni wamerudi.

Mzee Shuaibu aliwapokea kwa heshima zote. Barua ilisomwa, jibu likatolewa palepale, harusi ikapangwa Mfungo Mosi baada tu ya Ramadhani. Kisha mwenyeji akasema kuna maulidi nyumbani kwake Jumamosi na kwamba wageni wenye heri kama hii hawaondoki kabla ya maulidi. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Hata hivyo, Ijumaa baada ya swala Bwanausi alimfuata Sabiha kwenye upenu wa jiko. Msichana alikuwa amevaa dera la kijani, hina mikononi bado mbichi, na alipomwona mchumba wake ndani ya kanzu na kofia ya viua akasahau alichokuwa akikifanya.

"Naona mimi nitangulie," alisema Bwanausi kwa sauti ya chini. "Nimeacha tofali mia nne mbichi, na jua hili unaliona."

"Matofali hayakimbii," alisema Sabiha. "Kaa, mpenzi. Sijui nitakuona tena lini umependeza hivi."

Akakaa. Ungekuwa wewe ungekaa. Maulidi yalisomwa, ubani ukafukizwa, Sabiha akapita na sinia la kahawa mbele ya wageni akijitahidi asimtazame mtu mmoja, na watu wote wakaona anajitahidi. Jumapili mwenyeji akawazuia tena, wakarudi Bagamoyo Jumatatu. Magunia yalikuwa makavu kama karatasi. Bwanausi alichota maji siku nzima, akamwagilia wiki mbili badala ya moja, akajiambia imetosha. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hujidanganya kirahisi.

Siku ya Sayansi ya shule ile ilifanywa mwezi mmoja baadaye, siku chache kabla ya Ramadhani. Wazazi walikuja, mafundi wakaja, kamati ya ujenzi ikakaa mstari wa mbele. Sabiha alikuwa amevaa gauni la buluu na koti jeupe la maabara, na alivunja matofali yake sita kama alivyopanga. Alipokuwa anafunga vitu vyake, msichana wa kidato cha pili akanyoosha kidole.

"Dada, mbona hukuvunja ya darasa letu?"

Matofali yalikuwa pale pale, yamepangwa kando ya msingi. Sabiha angeweza kusema kwamba hayo hajayapima. Ndicho alichopaswa kusema. Lakini alikuwa ameposwa, roho yake nyeupe, na alitaka watu wote waone mchumba wake ni fundi wa namna gani. Akawaambia wanafunzi wachague wenyewe.

"Hili limefyatuliwa na mtu ninayemwamini," alisema, na waliokuwa wakijua wakacheka kwa furaha.

Mshale wa geji haukufika hata nusu. Tofali halikupasuka kwa kishindo kama yale mengine, lilisagika tu likamwagika chini. Wakaleta la pili, likawa vilevile. La tatu Sabiha alilichagua mwenyewe, na lenyewe halikufika nusu. Watu waliacha kucheka. Fundi mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba huo ni mchanga umepakwa saruji usoni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Adila, mama wa makamo asiyependa makuu, alimwita pembeni.

"Nakuuliza kwa heshima, mwanangu. Huyu mfyatuaji ndiye mchumba wako?"

"Ndiye, mwalimu."

"Na wewe ndiye uliyetupendekezea."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Adila akatoa agizo ujenzi usimame. Sabiha akabaki peke yake nyuma ya choo cha walimu, anasikia uso unawaka moto. Watasema alikula njama na mchumba wake. Watasema kila alichowahi kuwapimia ni uongo. Alipiga simu, na ilipopokelewa hakusalimu.

"Bwanausi, saruji mmeipeleka wapi?"

Upande wa pili mashine ilikuwa inaunguruma. Ikazimwa.

"Niambie ukweli. Mfuko mmoja mmetoa matofali mangapi? Nimesimama mbele ya watu mia tatu nikasema nakuamini, na tofali linamwagika kama unga. Darasa lile watoto wangekaa ndani yake. Mmewaibia watoto, Bwanausi. Wewe ni mwizi kama wezi wengine."

Ikaja sauti ambayo haikuwa ya Bwanausi.

"Mwanangu," alisema Mzee Haji taratibu, "simu iko wazi. Saruji napima mimi."

Simu ikakatwa.

Usiku ule alipiga mara kumi na moja. Kesho yake akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi, ukasomwa bila kujibiwa. Alikuwa bado na hasira wakati huo, na hasira ilimsaidia kubeba vipande vya yale matofali mpaka Dar. Alitaka ushahidi. Alivisaga, akavipima, akavitazama kwenye hadubini, na siku ya tisa majibu yalikuwa mezani kwake. Saruji haikupungua hata kijiko. Ilikuwa imo ndani, tena kwa kipimo kilekile cha mzee, ila sehemu kubwa ilikuwa haijawahi kushika maji. Chembe zake zilikuwa zimekaa vilevile zilivyotoka mfukoni.

Akageuza kipande kimoja. Ubavuni kulikuwa na tarehe kwa rangi nyeupe, jambo ambalo yeye mwenyewe alimfundisha Bwanausi alifanye ili kila fungu lijulikane siku lilipofyatuliwa. Ilikuwa tarehe ya Jumatano ile, siku moja kabla ya posa. Sabiha alihesabu kwa vidole kama mtoto. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kisha akakumbuka upenu wa jiko, na maneno aliyoyasema pale, na akaweka kichwa juu ya meza ya maabara akalia mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuuliza kama amejikata.

Aliandika barua siku ileile kwa Mwalimu Adila na kamati yake: kwamba saruji ilikuwa kamili, kwamba kasoro ni ya fungu moja lililokosa maji, kwamba aliyewahi kutamka wizi ni yeye na alikosea. Kisha akapanda basi la Bagamoyo, ilikuwa tayari Ramadhani, na jua la saa nane likamkuta kwenye lango la kiwanda.

Mzee Haji alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sabiha alipiga magoti kwenye vumbi na baibui lake, akaomba radhi, na akaanza kueleza habari ya chembe na maji. Mzee hakumwachia amalize.

"Nimeshakusamehe tangu siku ileile, mwanangu. Ulikuwa umefedheheka. Inuka, usijichafue." Akamtazama kwa huruma, akaelekeza mkono nyuma ya banda. "Lakini mimi si wa kuoa. Nenda kwa mwenyewe."

Bwanausi alikuwa anamwagilia maji matofali mapya. Yale mia nne alikuwa ameshayavunja yote kwa nyundo, kwa mkono wake, na haya ni ya kuyafidia, kabla hata barua ya Sabiha haijafika shuleni. Alikuwa amekonda. Hakuacha kumwaga maji.

"Nimejua," alisema Sabiha. "Ni zile siku za Kiwangwa. Ni mimi niliyekuzuia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba siku nilizokuwa na furaha kuliko zote maishani mwangu ndizo zilizoharibu kazi yangu?"

"Ungenikumbusha tu. Ningejua."

"Hukuniuliza, Sabiha." Sasa aliweka ndoo chini. "Kosa ni langu, sikatai. Nilijua yamekosa maji nikayapeleka kwa watoto wa watu, na hilo nitamjibu Mungu. Lakini wewe ulipoona limevunjika, hukusema labda jua, labda mchanga, labda mashine. Ulianza na mimi. Ulisema mwizi kabla hujauliza."

"Nilikuwa na hofu. Walikuwa wananitazama mimi."

"Najua. Nimekaa nikajiambia hayo hayo kila siku tangu uliponipigia. Nimekutetea kwa baba mdogo, wakati baba mdogo mwenyewe ndiye anayekutetea kwangu." Alicheka kidogo, cheko lisilo na kitu ndani. "Halafu nikafikiria maisha. Kuna siku mambo yataharibika tena. Biashara itaanguka, mtoto ataugua, kitu kitapotea ndani ya nyumba. Na kila siku kama hiyo nitakuwa nakutazama usoni nione kama unaanza na mimi. Siwezi kuishi hivyo. Wala sitaki uishi unanichagulia maneno."

Sabiha alijua anachosikia. Alimwomba muda, akamwomba tena, akasema mambo ambayo msichana mwenye heshima zake hakupanga kuyasema mbele ya matofali mabichi mchana wa Ramadhani. Akasema atasubiri mwaka, miaka miwili. Bwanausi alilia waziwazi bila kujificha, na kwa sababu ya yale machozi Sabiha akaelewa kwamba hakuna hasira ya kusubiri ipoe. Kama ingekuwa hasira angekuwa na matumaini.

Posa haikurudishwa na mshenga. Mzee Haji alikataa kata kata kuibeba habari hiyo, kwa hiyo Bwanausi alikwenda Kiwangwa peke yake akakaa na Mzee Shuaibu nusu saa. Alichosema ni kwamba kasoro ni yake na binti hana lawama. Mzee Shuaibu alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Siku ya Idd Mosi, baada ya alasiri, simu ya Sabiha ikaita akiwa kwao, kwenye kibaraza cha nyuma. Alikuwa amevaa gauni jipya la waridi ambalo mama yake alimlazimisha avae. Alipoliona jina, aliiacha iite mara tatu ili apate pumzi.

"Idd mubarak," alisema Bwanausi.

"Na kwako pia. Na kwa baba mdogo."

Alimweleza kwamba darasa limefika kwenye linta, juu ya madirisha, na Mwalimu Adila amekuja mwenyewe kuyagonga matofali. Sabiha akamwambia baada ya sikukuu anapeleka jeki yake Vigwaza, shule mbili, na kwamba nyuzi za mananasi zimeanza kuonyesha matokeo. Walizungumza kama watu wawili waliowahi kufanya kazi pamoja. Kisha maneno yakaisha, na hakuna aliyekata.

"Sabiha."

"Abee."

"Naomba usinipigie tena."

"Aliyepiga ni wewe."

"Najua. Leo ni Idd, nimeshindwa. Ila wewe usinipigie. Ukipiga nitapokea, na nikipokea nitarudi, na nikirudi sitakuwa mume, nitakuwa mtu anayengoja kushukiwa. Nisaidie, mama."

Hakuwahi kumwita hivyo.

"Sitapiga," alisema, na yeye ndiye aliyekata simu, kwa kuwa alimsikia mwenzake hawezi.

Alinawa uso kwenye ndoo akaingia ndani. Wageni wa sikukuu walikuwa wamejaa ukumbini, na shangazi yake Mize alikuwa amefika kutoka Saadani na kapu zima la ng'onda. Alimkumbatia Sabiha, akamgeuza amwone gauni lake, akamshika mashavu. Kisha akauliza wageni wa Bagamoyo watakuwa wangapi na wanakuja wiki ipi, maana samaki huyu ni wa harusi, na kama hatoshi ataagiza mwingine wavuvi wakirudi kazini.

Baba yake Sabiha akainamisha kichwa. Mama yake akaanza kusema jambo.

"Hawaji, shangazi," alisema Sabiha. Ndiyo mara ya kwanza alilitamka kwa mdomo wake mwenyewe. "Nimekosea mimi. Hawaji tena."

Kisha akalichukua lile kapu la samaki kutoka mikononi mwa shangazi yake, akalipeleka jikoni.